Oili Isiyopungua

Lori liliingia gereji saa mbili asubuhi likitetemeka kama mgonjwa wa homa, na kabla halijasimama vizuri dereva alikuwa ameshatoa nusu ya mwili dirishani.

"Yuko wapi? Yuko wapi huyo fundi wenu wa ovaholi? Aje aone kazi ya mikono yake!"

Dereva huyu walimwita Honi. Hakuwa na sauti ya pili. Aliomba chumvi mezani kwa sauti ileile aliyofukuzia ng'ombe barabarani. Mafundi wakaacha spana zao, mchomeleaji akainua miwani yake myeusi, na hata mzee wa kuziba matairi akasogea, maana asubuhi yenye ugomvi hupita upesi.

Mtu aliyetafutwa alikuwa hatua sita tu kutoka hapo, amechuchumaa mbele ya karai la dizeli, anasafisha gia kwa brashi. Hakuinuka. Pale gereji walimwita Bubu. Si kwamba hakuwa na ulimi. Nyumbani kwake watoto walikuwa wamemsikia akiimba bafuni. Lakini mbele za watu maneno yalimkwama kooni kama tonge lisilotafunwa, na kadiri watu walivyozidi kumtazama ndivyo tonge lilivyozidi kuvimba. Alimaliza darasa la saba akiwa na mwandiko mzuri na woga wa kunyoosha mkono. Mwandiko hakuutumia sana. Woga alikuja nao gereji, na sasa ulikuwa na miaka kumi na minane kwenye benchi lilelile, kona ya mwisho, karibu na pipa la oili chafu.

Aliyempa benchi lile alikuwa mwenye gereji, kaka mkubwa wa mkewe. Na lori hili lilikuwa la kaka huyohuyo.

"Taa ya oili inawaka mpaka naona haya," Honi aliendelea, sasa ameshuka na kusimama katikati ya watu kama mnadi. "Injini ikipata moto tu, inawaka. Nikisimama kwenye kizuizi, inawaka. Halafu linamisi! Likiachwa lingurume lenyewe linaruka-ruka, linataka kuzima. Jana askari ameniuliza kama nimepakia mawe au mbuzi."

"Umepima oili?" mtu mmoja akauliza.

"Nimepima? Mimi? Napima kila Jumatatu, muulizeni mke wangu. Haijapungua hata tone tangu litoke hapa. Hata tone! Gari hili linazaa oili, kama mnataka kujua. Kwa hiyo msinitupie mimi. Mchawi yuko pale, amechuchumaa."

Watu wakacheka. Bubu akageuza gia upande wa pili, akaendelea kupiga brashi, ingawa upande huo alishausafisha.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Shemeji yake alitoka taratibu, simu mkononi, shati limechomekwa. Nyuma yake alikuwepo Injinia. Huyu jina hilo alijipa mwenyewe, baada ya kozi ya wiki tatu iliyomletea cheti chenye plastiki juu na mashine ya kusoma magari. Cheti alikitundika juu ya benchi lake kwa misumari minne. Akaja na mashine ikining'inia shingoni, akalizunguka lori, akainama, akainuka.

"Utaichomeka wapi hiyo, masikioni?" mchomeleaji akamuuliza. "Hilo lori limezaliwa kabla ya umeme."

Injinia hakucheka. "Hapa sihitaji mashine. Presha ya oili ikishuka injini ikiwa na moto, hiyo ni shida ya chini ya injini. Beringi za krenki, ule mhimili unaozunguka, zimelika. Oili inapita tu kama maji kwenye chujio. Injini ishushwe yote, hakuna njia ya mkato." Akamgeukia Bubu. "Samahani mzee wangu, lakini beringi zinapimwa kwa geji, hazipimwi kwa ukucha."

"Kumbe nawe unajua," mzee wa matairi akaguna, lakini haikujulikana alimwambia nani.

Shemeji mtu akasogea mpaka kwenye karai. Viatu vyake vilisimama chini ya pua ya Bubu.

"Inuka."

Bubu akainuka.

"Miezi minane iliyopita nilikupa injini nzima uifungue na kuifunga upya. Nilikuambia chukua muda wako. Sikukukimbiza. Kesho alfajiri lori hili linatakiwa likabebe saruji, safari tatu kwa wiki, mkataba wa mwaka mzima, na nimeshatia sahihi. Sasa naambiwa injini imekufa chini. Unasemaje?"

"Shemeji, ngoja nili..."

"Shemeji ni nyumbani. Hapa sina shemeji."

Bubu akatazama mikono yake.

"Saa kumi nataka jibu," yule bwana akasema, sasa kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Si kutikisa kichwa, jibu. Kama ni beringi, utapakia sanduku lako la spana kwenye mkokoteni, na mimi na wewe tutakuwa tunaonana kwenye misiba."

Akarudi ofisini. Honi akapiga kofi moja kubwa kwenye mlango wa lori, kama aliyegonga muhuri.

Bubu aliona aibu, lakini aibu aliizoea. Kilichomtisha ni kitu kingine: hakuwa na uhakika. Zile beringi alizifunga yeye, moja baada ya moja, akiwa peke yake, na kila nati aliihesabu kwa midomo. Lakini mtu huweza kuhesabu na bado akakosea. Miaka kumi na minane mahali pamoja, halafu aende wapi, agonge mlango wa nani, aseme nini? Hata kuomba kazi kunataka maneno.

Akachukua sanduku lake na kuanza.

Kitu cha kwanza alichokiona kilimkera. Skrubu ya kuongeza mngurumo ilikuwa imekazwa ndani mizunguko miwili na zaidi, na alama za bisibisi zilikuwa bado zinang'aa. Honi alikuwa ameipandisha injini ili ingurume haraka, taa isiwake. Bubu akawasha injini, akaifungua mpaka mahali pake. Lori likaanza kuruka kwa nguvu, vioo vikagongana, na taa nyekundu ikafumbua jicho.

"Unaona?" Honi akapiga kelele toka kivulini. "Amelishika kidogo tu, limezidi!"

Bubu akalizima. Alitoa swichi ya oili, ile inayowasha taa, kwenye ubavu wa injini, na mahali pake akafunga geji ya mshale, ya zamani, ya kioo kilichopasuka, ambayo aliiamini kuliko taa yoyote. Swichi huweza kudanganya. Akawasha tena. Kwa vile injini ilikuwa imeanza kupoa, mshale ulisimama juu vizuri. Akaiacha ingurume. Robo saa. Nusu saa. Mshale ukaanza kushuka polepole, kama mtu anayesinzia kwenye kiti, mpaka ukalala karibu kabisa na sifuri. Taa haikuwa ikidanganya. Presha haikuwepo.

Injinia alikuja akatazama geji, akatabasamu bila kuonyesha meno, akaenda zake. Dakika tano baadaye Bubu alisikia mnyororo wa winchi ukiburutwa. Walikuwa wanauandaa kabisa, wa kunyanyulia injini.

Akachukua bisibisi ndefu, ile yenye mpini wa mti, akaweka ncha yake chini ya ubavu wa injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Beringi iliyolika hugonga. Haipigi kelele juu, hugonga chini kabisa, kama mtu anayebisha mlango wa chumba cha ndani, na ukikanyaga mafuta hugonga zaidi. Akamfanyia ishara mchomeleaji akanyage. Akasikiliza silinda ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Akarudia. Alisikia krenki inazunguka. Alisikia pampu. Hakusikia mtu anayebisha.

Basi, kama beringi ni nzima, presha inapotelea wapi?

Mkewe alikuja saa sita na nusu, bakuli la chakula limefungwa kwenye kitambaa. Nyumba haikuwa mbali, na habari za Honi hazikuhitaji miguu. Alipita mbele ya ofisi ya kaka yake bila kugeuza shingo, akaliweka bakuli juu ya bampa, akashika kiuno.

"Nimesikia unafukuzwa."

Bubu akafuta mikono.

"Umemjibu nini?"

"Nitamjibu na gari."

"Gari halina mdomo, baba watoto. Wewe unao." Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, ile iliyo mbaya zaidi. "Miaka yote hii najibu mimi. Kaka akisema umechelewa, najibu mimi. Mama mwenye nyumba akija, najibu mimi. Walimu wa watoto, najibu mimi. Leo nijibu nini? Nizungumze habari za beringi?"

"Si beringi."

"Mwambie yeye!"

"Sijajua bado ni nini."

"Basi mwambie hujajua! Hilo nalo ni neno." Akamtazama usoni, kisha akatazama ule mnyororo wa winchi. "Wanasubiri nini pale na mnyororo, wanamchinja nani? Kula, kimepoa." Akaondoka. Alipofika tena mlangoni mwa ofisi alisimama, akasema ndani maneno mawili ambayo Bubu hakuyasikia, na mlango ukafungwa kwa nguvu kutoka upande wa ndani.

Alikula akiwa amesimama. Wengine walikuwa wameenda kula kwa mama wa chakula, ng'ambo ya barabara, na kicheko cha Honi kilifika mpaka pale, kikivuka magari yote. Alikuwa anasimulia tena. "Hata tone!" alikuwa akisema. "Linazaa!"

Bubu akaacha kutafuna.

Injini kuukuu, ya umri ule, inayokwea milima na mzigo, miezi minane, haijapungua oili hata tone? Hata injini mpya hunywa kidogo. Hakuna injini isiyokunywa. Isipokuwa kuna kitu kinachoijaza.

Akaliweka bakuli chini na kwenda kuchomoa kijiti cha kupimia. Asubuhi kila mtu alikuwa amekichungulia, na kila mtu aliona kile alichotaka kuona: oili ipo. Sasa alikitazama kama mtu anayesoma barua. Oili haikuwa kwenye alama ya juu, ilikuwa imeivuka kwa upana wa vidole viwili. Akaipaka kati ya kidole gumba na cha shahada, akavitenganisha. Haikuvutika. Ilikatika kama maji. Akanusa. Akachana kipande cha gazeti lililofungiwa vitunguu vya mtu, akadondosha tone moja katikati, akalisubiri. Doa jeusi likakaa katikati, na kulizunguka kukatoka duara pana la manjano, jepesi, lililotambaa na kutambaa mpaka karibu na ukingo wa karatasi.

Dizeli. Tumbo la injini lilikuwa limejaa oili iliyochanganyika na dizeli, nyembamba kama chai ya jela. Ikiwa baridi ilijikaza, ikipata moto ilikuwa haiwezi kushika presha. Na kama dizeli inaingia kwenye oili, basi kuna silinda haiipati. Ndiyo maana linamisi. Ugonjwa mmoja, dalili mbili.

Bubu aliwasha, akachukua spana ya kumi na saba, akaanza kulegeza nati za mabomba ya dizeli, silinda moja baada ya nyingine. Ukiinyima dizeli silinda inayofanya kazi, mngurumo hushuka. Ya kwanza alipoilegeza, lori likaguna. Ya pili, likaguna. Ya tatu, ya nne, likaguna. Ya tano, kimya. Mngurumo haukubadilika. Ilikuwa kama kumnyang'anya chakula mtu ambaye hakuwa anakula.

Akazima, akafungua kifuniko cha valvu, akakiweka pembeni, akawasha tena injini ikiwa wazi. Oili ilimrukia kwenye paji la uso. Pale silinda ya tano, bomba dogo linapoingia ndani na kufungwa kwenye nozo, kile kifaa cha kupulizia dizeli, kulikuwa na uzi wa dizeli, mwembamba kama unywele, ukichirizika juu ya chuma na kupotelea chini, kwenye oili. Bila kufungua kifuniko usingeuona hata kwa miaka kumi. Usingeona tone sakafuni, ulikuwa unavujia ndani.

Alizima. Alifungua kiungio kile. Washa ya shaba, kipete chembamba cha kuzuia mvujo, ikadondokea kiganjani mwake, na Bubu akaisogeza karibu na macho.

Aliifahamu. Washa mpya huwa nyekundu, laini, ukingo wake umenyooka. Hii ilikuwa na rangi ya zambarau ya moto, na upande mmoja ulikuwa na mfuo.

Miezi minane nyuma, nozo zilikuwa sita, na pakiti ya washa ilikuja na tano nzima na moja iliyopinda. Alikwenda ofisini kuomba nyingine. Shemeji yake alikuwa kwenye simu, anamgombeza mtu. Bubu alisimama mlangoni na kofia mkononi kwa muda mrefu, mpaka yule akamtupia jicho na kuuliza, "Nini tena?" Naye akajibu, "Hakuna." Akarudi kwenye benchi, akaokota washa ya zamani, akaichoma ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye maji ili ilainike, akaifunga. Hakuna fundi pale gereji asiyefanya hivyo. Kwenye bomba la breki hufanya, kwenye bomba la kurudisha mafuta hufanya, na huwa inakaa. Lakini kwenye nozo, penye presha ya kupasua ngozi, na tena ndani ya kifuniko, si mahali pa kujaribu. Alijua siku ile. Alijua, akakaza.

Sasa alisimama pale na ile washa. Saa ya ukutani ilisema nane na dakika ishirini. Ndani ya sanduku lake, kwenye kopo la filimu, alikuwa na washa mpya za saizi ile, nne. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Angeweza kufunga kifuniko, akamwaga oili, akatia mpya. Saa kumi angesema: ni dereva. Dereva aliona oili inapanda, akanyamaza, akakaza skrubu kuficha taa. Na isingekuwa uongo. Honi angepigwa makelele badala yake, na Honi alikuwa amestahili makelele tangu siku aliyozaliwa.

Aliiweka ile washa kuukuu mfukoni. Kisha akaitoa. Kisha akairudisha.

"Mzee wangu, tunaanza kufungua," Injinia alisema nyuma yake. Walikuwa wamerudi wote, vijiti vya meno midomoni. Winchi ilikuwa inasukumwa, magurudumu yake yanalia. "Bosi amesema saa kumi, lakini kwa nini tupoteze mwanga?"

"Ngoja," Bubu akasema.

"Ningoje nini? Umepata nini huko juu? Tatizo liko chini, wewe uko juu. Ndiyo mambo ya ukucha haya."

"Nimesema ngoja!"

Sauti ilitoka kubwa, imepasuka katikati, kama ya mtu anayejaribu honi ya gari la mwingine. Mchomeleaji akazima moto wake. Mlango wa ofisi ukafunguliwa.

"Nani anapiga kelele?" shemeji yake akauliza.

"Mimi."

Honi alitoa macho kama fundi saa aliyepoteza nati.

Bubu alikwenda mpaka mbele ya shemeji yake na kile kipande cha gazeti. "Hii ni oili ya lori. Hili duara ni dizeli. Dizeli inaingia kwenye oili, silinda ya tano. Ndiyo maana presha hakuna, ndiyo maana linamisi."

"Dizeli inaingiaje kwenye oili?"

Bubu akatia mkono mfukoni. Tonge lilikuwa limefika juu kabisa. Akalimeza.

"Kwa washa hii. Imechomwa. Si mpya. Niliifunga mimi."

Honi akaruka. "Sikusema? Sikusema mimi toka asubuhi? Mchawi..."

"Na wewe!" Bubu akamgeukia, na mate yakamtoka. "Wewe unaona oili inapanda kila Jumatatu, unacheka! Umeona taa, umekaza skrubu, mizunguko miwili, alama hizo hapo! Mwezi mmoja mwingine beringi zingekwisha kweli, na ungekuja hapa kupiga mlango makofi. Linazaa oili! Umewahi kuona chuma kinazaa?"

Mzee wa matairi akakohoa kuficha kicheko. Honi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza watu wakaona kwamba unaweza kufunguka bila kutoa sauti.

"Basi wote wawili ni wajinga," shemeji yake akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Aliichukua washa, akaigeuza kwenye mwanga. "Kwa kitu hiki. Kidogo hivi. Ulishindwa kuja kuniambia unataka nyingine?"

"Nilikuja."

"Lini?"

"Nilikuja, nikaondoka."

Shemeji yake akamtazama kama mtu anayetazama ukuta uliomwongelesha.

"Bosi, hii ya washa ni sawa, hatukatai," Injinia akaingilia kwa upole wa kununua. "Lakini miezi minane na oili nyembamba, beringi zimeshalika tu. Lazima. Leo atatia oili mpya, mshale utasimama, kesho lori litafia mlimani na saruji ya watu. Bora injini ishuke."

Ni kweli hilo Bubu naye aliliogopa. Lakini lilikuwa limemkalia tangu asubuhi, akaona heri limalizike mbele ya macho yote.

"Haina haja ya winchi," alisema. "Oili lazima imwagwe. Ikishamwagwa, fungua sampu kwa chini, toa kofia ya beringi moja. Chagua wewe, yoyote. Ikiwa imelika, nafunga sanduku langu mwenyewe, msinisaidie kubeba."

"Fungua," shemeji yake akamwambia Injinia.

Injinia alivua mashine yake shingoni, akalaza boksi sakafuni, akaingia chini. Oili ilitoka mbio, nyeusi na nyepesi, inanuka kituo cha mafuta, ikajaza makarai mawili na kumrukia mabegani. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilishuka. Alichagua beringi ya tano, palepale chini ya ubaya wenyewe. Walisikia spana ikiteleza, kisha tusi dogo. Mkono ukatoka chini ya lori umeshika kofia ya beringi.

Shemeji yake aliipangusa kwa leso yake mwenyewe. Ndani ilikuwa ya kijivu, sawa, imetulia. Upande mmoja tu kulikuwa na mng'aro mdogo, kama kiwiko cha koti kinapoanza kuchakaa. Akapitisha ukucha. Haukukwama popote. Akapitisha tena.

"Toa nyingine," akasema.

Ya pili ilikuwa hivyohivyo.

Bubu akapangusa oili iliyomkaukia kwenye paji la uso.

"Haya, rudisheni," shemeji yake akasema, akimnyooshea Bubu zile kofia. "Ingia uzifunge."

"Siingii."

"Nini?"

"Afunge aliyesema zimekufa."

Pale chini ya lori kitu kikagonga chuma, labda kichwa. Shemeji yake alizitazama kofia mbili mkononi, akamtazama mume wa dada yake, na mshipa wa shingo ukamcheza. Kila mtu alingojea neno la mkokoteni.

"Utabaki," alisema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Lakini usidhani nimefurahi. Kuanzia kesho, injini yoyote utakayofunga, Injinia anaikagua kabla haijatoka."

"Sawa," Bubu akasema. "Na zake nitazikagua mimi. Naanza na hii."

Shemeji yake alimwachia Bubu zile kofia, akampa kisogo.

Ikawa hivyo. Injinia alifunga akiwa amelala chali, oili ikimdondokea kifuani, na Bubu alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akakaa kando ya gurudumu la mbele. Ilipokwisha nati ya mwisho, Injinia alianza kutambaa kutoka.

"Hiyo ya nyuma, kushoto," Bubu akasema. "Rudia."

"Nimeikaza."

"Hukuikaza mara ya pili. Nimesikia. Rudia."

Injinia akamtazama kutoka chini, macho mekundu kwa oili na kwa mengine. Akarudi. Spana ikasogea robo nzima kabla ya kukaza.

Saa kumi kasorobo washa mpya ilikuwa mahali pake, kifuniko kimefungwa, oili mpya imetiwa mpaka kwenye alama na si zaidi. Wakawasha. Waliliacha lingurume nusu saa, skrubu ikiwa mahali pake, kila mtu akijifanya ana kazi jirani na pale. Mshale ulishuka kidogo injini ilipopata moto, ukasimama, haukushuka tena. Mngurumo ulikuwa mmoja, mzito, hauruki. Glasi ya maji ya mchomeleaji, iliyowekwa juu ya bampa kwa ubishi, haikumwaga kitu.

Shemeji yake alikuja mlangoni na simu sikioni. "Lipo," alikuwa anamwambia mtu. "Hapana, hapana, tulikuwa tunabadilisha oili tu." Akamfanyia Honi ishara ya kidole: ondoka, kapakie mzigo wa kesho.

Honi akapanda. Bubu alikuwa bado chini ya mlango wake, anafunga swichi ya oili na waya wa taa.

"Ukiona imepita hii alama," akamwambia, akimwonyesha kijiti, "hata kidogo, unaniambia siku hiyohiyo."

"Nikwambie wewe? Wewe unaongea na watu siku hizi?"

"Na wewe nitaongea. Skrubu usiiguse."

"Nikiigusa?"

"Iguse uone."

Honi akanyonya meno, akavuta gia, akaondoa lori kwa hasira mpaka vumbi likajaa gereji nzima na mzee wa matairi akaanza kutukana. Bubu alisimama katikati ya lile vumbi akisikiliza mpaka lori lilipopinda kona, likapunguza mwendo kwenye kizuizi, likasimama, likanguruma bila kuruka. Kisha akaenda kuliinua karai la oili chafu. Injinia alikuwa ameshashika upande wa pili, kwa sababu lilikuwa zito na lilikuwa limezuia njia yake. Walilibeba wawili mpaka kwenye pipa bila kutazamana, wakalimwaga, na kila mmoja akarudi kwenye benchi lake.